Kizimba cha chinchila cha ghorofa mbili: chuma kizuri, plastiki ya kutoa mara moja

Pamba, chinchila wetu, mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji mwenye manyoya mazito, aliingia nyumbani kwetu Houston Machi 2024. Rafiki wa binti yangu alikuwa anahama na hakuweza kuondoka naye, basi akatuletea ndani ya kizimba kidogo cha sungura chenye sakafu ya wavu mtupu. Nyayo zake zilikuwa nyekundu, moja imeanza kuchubuka. Wiki ileile nikanunua kizimba cha chuma cha ghorofa mbili kwa dola 230. Kampuni sitaitaja, kwani vizimba vya aina hii vinafanana sana.

Chuma chake nakisifu kwa moyo wote. Milango ni mipana, inafunguka upande mzima, unaingiza mikono mpaka mabegani na kusafisha kila kona. Makomeo yanabana barabara, na magurudumu ya chini yanabeba uzito bila kulalamika. Nafasi kati ya vyuma ni sentimita mbili na nusu. Chinchila mkubwa hapenyi, ila mtoto atatoka, kwa hiyo mwenye mtoto atafute chenye wavu wa karibu zaidi.

Tatizo ni vilivyomo ndani. Rafu za plastiki, trei za plastiki, ngazi ya plastiki. Usiku wa pili nilisikia krr, krr, krr, nikadhani ni panya darini. Asubuhi ukingo wa rafu ulikuwa umeguguniwa kama gunzi la hindi, na vipande vilivyobaki chini vilikuwa vichache kuliko pengo lenyewe. Daktari wa wanyama alitueleza kwamba plastiki ikimezwa inaweza kuziba utumbo. Na mnyama huyu huwezi kumkataza: meno yake hukua maisha yake yote, asipoguguna yatamzidi kinywani.

Nikatoa rafu na ngazi, nikabakiza trei ya chini tu. Marehemu baba yangu alikuwa seremala Tanga, kwa hiyo msumeno na msasa havinitishi. Nilinunua mbao za msonobari zilizokaushwa kwenye tanuri, zisizo na dawa wala rangi, nikakata vibao saba vya upana wa sentimita 20, nikalainisha kona zote, nikavikaza kwa skrubu na washa kubwa (vile vibati vya duara vyenye tundu) ili zisipenye kati ya vyuma. Mwerezi usiuguse, hata kama unanukia vizuri. Mafuta yake hayafai kwa mapafu ya wanyama wadogo. Vibao nimevipanga kwa kupishana, kila kimoja juu ya mwenzake kwa shibiri moja hivi. Chinchila anaruka juu sana, lakini miguu yake ni kama njiti, na kuanguka toka ghorofa ya juu mpaka chini kunaweza kuivunja. Chini nimetandika blanketi jepesi juu ya trei na kukunja kingo zake kwa chini, asipate pa kuanzia kung'ata.

Sasa joto. Kijitabu kilichokuja na kizimba kina kurasa nyingi za skrubu na hakina hata mstari mmoja wa joto, na hili ndilo linaloniudhi kuliko plastiki. Chinchila asili yake ni milima ya Andes, kukavu na kwenye baridi. Kwenye ngozi yake tundu moja huotesha nywele 50 na zaidi, na koti hilo havui. Ikizidi nyuzi 25 yuko hatarini, na Houston ya Julai ina joto na unyevu kama Tanga mwezi wa pili. Kizimba kiko mbali na dirisha, AC tunaiweka nyuzi 21, na kwenye kibao cha kati nimemwekea kipande cha marumaru. Hujilaza pale kifudifudi, miguu kaitawanya, kidevu kakigandisha kwenye jiwe. Mtazame masikio: yakiwa mekundu, joto limemfika. Kimbunga Beryl kilipotukatia umeme Julai ile, yalikuwa mekundu kabla ya saa sita mchana. Tulimfungia kwenye kikapu chake cha safari, tukawasha AC ya gari na kumpeleka kwa shemeji aliyekuwa na jenereta. Binti yangu hakusema neno njia nzima.

Vitu viwili utanunua mwenyewe. Gurudumu la kukimbilia, la chuma, lisilo na matundu, kipenyo sentimita 38. Dogo zaidi litampinda mgongo. Pia bakuli zito la vumbi la majivu ya volkano, maana maji hayaogi: manyoya hayo hayakauki upesi na huota kuvu. Hujigaragaza kama kuku mchangani. Dakika kumi, mara mbili au tatu kwa wiki, kisha bakuli linatoka.

Kwa jumla nimetumia kama dola 370, na ningekinunua tena. Nyayo zimepona kabisa. Jumamosi hii nabadilisha vibao viwili vya chini, amevila mpaka kwenye skrubu.