Gari la Kuosha Mapaa: Soma Mlango wa Nyuma Kabla Hujatoa Hela

Kazi yangu ni kuosha mapaa ya nyumba. Tulikuwa katikati ya kilima, njia ya kupandia Kibosho, usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa baiskeli. Nyuma yangu simtanki yenye lita zaidi ya 600 ilikuwa imeamua kurudi Moshi mjini bila mimi. Kijana wangu wa kazi akaniambia kwa upole, "Mama, tairi za mbele hazishiki." Tukashuka, tukaweka mawe, tukafungua bomba. Maji niliyoyanunua yakamwagilia migomba ya watu.

Gari lilikuwa kirikuu, Suzuki Carry, nimeilipia milioni 11 na ushee kwenye yadi ya Arusha. Muuzaji aliapa: "Inabeba tani hii mama, hata tofali wanabebea." Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza gari la kuoshea mapaa akaanza na kilomita, rangi na redio, namkatisha. Hayo shemeji yako atakuambia. Mimi nataka kujua kama umehesabu maji.

Lita moja ni kilo moja. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa ni tani nzima, hapo hujapakia mashine ya kuoshea, ngazi, mipira, madumu ya klorini wala vijana. Sasa zunguka nyuma ya kirikuu yoyote iliyotoka Japani, uinamie mlango wa bodi. Utaona maandishi madogo ya Kijapani na namba isiyohitaji mkalimani: 350kg. Sheria ya kwao inataka uzito wa juu wa mzigo uandikwe hapo. Kwenye kirikuu yangu namba hiyo ilikuwa imekwanguliwa, ila nikiitazama jua likiwa pembeni kivuli cha herufi bado kipo. Mtu haangaiki kukwangua kitu kisichomsumbua.

Na uzito wenyewe ni nusu tu ya balaa. Maji yanacheza. Tanki lililojaa pomoni limetulia. Baya ni lililofika nusu, kwa sababu ukipanda yanakimbilia nyuma, ukifunga breki yanakuja mbele, ukikata kona yanalala upande. Fundi wangu aliliweka tanki nyuma kabisa ili bomba lifikike kirahisi, tena lile refu la kusimama. Kosa juu ya kosa. Tanki liwe fupi na pana, liegemee ukuta wa kebini, lifungwe kwa mikanda ya mizigo kwenye chuma cha bodi, kamba za katani hapana. Mafundi wengine watakuambia "tunaongeza springi". Springi ikiongezwa gari halilali chini, lakini breki ni zilezile za mzigo wa kilo 350, na kuna siku utateremka kutoka Machame.

Haya, ninunue nini? Toyota Townace ya bodi, na sifichi mapenzi yangu. Hizi za kuanzia 2008 zina injini ya cc 1,500, na mlangoni zinasoma kilo 750 hadi 800 kutegemea toleo. Wajuaji watanikumbusha kuwa zinaundwa Indonesia na Daihatsu. Najua. Nembo ni ya Toyota, na spea sijawahi kulala nikizitafuta. Weka lita 500, mashine, ngazi na dawa, bado unabaki na nafasi ya kupumua. Mashine inayokunywa lita 10 kwa dakika itamaliza maji hayo kwa dakika 50, kwa hiyo usijidanganye kwamba utabeba maji ya paa zima. Unganisha mpira kwenye bomba la mteja lijaze tanki huku wewe unafanya kazi. Tanki ni la kukuvusha mgao wa maji ukikukuta Njiro au Sakina.

Ya pili ni Hilux ya kebini moja. Gari zuri, tatizo ni bei. Arusha hii muuzaji akisikia Hilux anafikiria kampuni za utalii, anakupigia hesabu za dola wakati wewe unaosha kuvu kwenye vigae vya mjane wa Rau. Kebini mbili ndiyo usiiguse: bodi ni fupi, ngazi inaning'inia nje kama ulimi wa mbwa.

Kirikuu naiweka ya tatu, kwa pipa moja la lita 200 na si tone zaidi. Canter inabeba kila kitu, lakini geti la nani itapita, na paving za nani itavunja? Guta ni la kuanzia mtaani kwenu, kwenye tambarare.

Ukishanunua, tandika raba nene kwenye bodi na uisuuze kila jioni, maana klorini inakula chuma kimyakimya. Madumu yake yakae nyuma kwenye hewa, kamwe yasiingie kebini. Ngazi ipate kerea ya kuchomelewa.

Kabla ya kuongea na dalali, ingia kwenye mfumo wa TRA wa kukokotoa kodi za magari yaliyotumika, uweke mwaka na modeli. Utajua wapi kodi imeishia na wapi tamaa imeanzia. Watakutajia "ushuru umepanda" hata kwa gari lililokaa yadini tangu masika iliyopita, likiotea majani kwenye tairi.

Kirikuu yangu niliirudisha yadi ileile kutafuta mnunuzi. Yule yule aliyeniapia tani alizunguka nyuma, akainama, akagonga springi kwa kiatu, kisha akanipa bei ya kutupa. "Mama," akasema akitikisa kichwa, "hii umeizidishia mzigo."