Woka ya mtoto: inamwendesha, haimfundishi kutembea

Woka inayojaa kwenye maduka ya vitu vya watoto, Kariakoo kama ilivyo Nairobi, ni duara la plastiki lenye magurudumu sita hadi manane. Katikati kumening'inizwa kiti cha kitambaa chenye matundu mawili ya miguu, na mbele kuna meza ndogo yenye vitufe vya muziki wa betri. Kimo hupandishwa na kushushwa kwa ngazi tatu hivi, na mtoto akishatolewa, kitu kizima hukunjwa kikawa bapa kikaegeshwa nyuma ya mlango. Tunaipima hapa aina nzima bila kushika chapa moja, kwa kuwa chapa hizi hutofautiana hasa rangi na nyimbo. Umbo ni lile lile, na kasoro zake zimo kwenye umbo.

Tuanze na kinachofaa. Mtoto wa miezi saba akiwekwa ndani hufurahi, na mama aliye peke yake nyumbani hupata mikono miwili ya kuchambua mchele au kufua. Hilo si jambo dogo, na anayelikebehi hajawahi kulea mtoto huku ana kazi ya kumaliza. Kama woka ingeuzwa kama kiti cha kumshughulisha mtoto kwa dakika kumi, tungeijadili hivyo. Lakini inauzwa kwa ahadi kwamba mtoto atatembea mapema. Ahadi hiyo si ya kweli.

Ili mtoto atembee, kiwiliwili chake lazima kiweze kujishikilia wima bila kuegemea kitu. Lazima aweze kuhamishia uzito wote mguu mmoja huku wa pili ukiwa hewani. Kisigino kiguse chini. Tena ajifunze kuanguka: atoe mikono mbele, akunje magoti, ashuke na makalio. Ndani ya woka hayo yote yamefanywa na plastiki. Uzito umebebwa na kitambaa, kwa hiyo kiwiliwili hakifanyi kazi. Mtoto anajisukuma kwa ncha za vidole, na kadiri kiti kilivyo juu ndivyo kisigino kinavyokosa sakafu. Meza imemziba, haoni miguu yake mwenyewe, hivyo ubongo unakosa ule mrejesho wa "nimekanyaga hapa, nikaenda kule". Akiyumba haanguki, kwa hiyo hajui kwamba ameyumba. Hapo anajifunza kupiga mateke kwa nyuma, na mateke hayo hayana kazi siku atakaposimama mwenyewe.

Vipimo vinasema hivyo hivyo. Utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2002 uliangalia watoto 190 na kukuta kwamba kwa kila jumla ya saa 24 ndani ya woka, kusimama peke yake kulichelewa siku 3.7 na kutembea peke yake siku 3.3. Mtoto anayewekwa humo saa moja kila siku hufikisha saa 24 kabla mwezi haujaisha. Siku tatu au nne si balaa, na hatutaki kumtisha mzazi ambaye mtoto wake alitumia woka akatembea vizuri, wengi hutembea. Ila hakuna anayenunua kitu ili mtoto achelewe siku tatu.

Balaa liko kwenye ajali. Mtoto ndani ya woka huenda karibu mita moja kwa sekunde. Ukigeuka kufunika sufuria, ameshafika mlangoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 waliopelekwa vyumba vya dharura kwa ajili ya woka kati ya 1990 na 2014. Zaidi ya asilimia 90 waliumia kichwa au shingo, na karibu robo tatu walianguka kwenye ngazi. Kanada ilipiga marufuku mwaka 2004: haiuzwi, haiingizwi, haitangazwi, hata ya mtumba.

Nyumba zetu nyingi hazina ngazi za ndani, na hapo ndipo watu hujiona salama. Tazama tulicho nacho. Kizingiti cha mlango, hata cha sentimita tatu, hukamata magurudumu ya mbele na woka hupinduka mtoto akitangulia kichwa. Baraza lina kidato cha kushukia uani. Jiko la mkaa limewekwa chini, kimo kile kile cha mikono ya mtoto aliyesimamishwa. Waya wa birika unaning'inia, chupa ya chai iko ukingoni mwa meza, kitambaa cha meza kinavutika. Ndoo ya maji ya kuoga haijafunikwa. Mtoto anayetambaa hukifikia kitu polepole na akiwa chini. Woka humnyanyua na kumpeleka mbio kabla akili yake haijajua moto ni nini. (Akiungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya kidonda kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta.)

Muuzaji atakuambia hii ina breki. Igeuze chini uangalie. Woka zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani au za Ulaya, ambazo kiwango chake ni EN 1273, huwa na vipande vya mpira chini ya duara. Gurudumu likitoka ukingoni mwa ngazi, duara hushuka na mpira hukwama sakafuni. Si mapambo. Kanuni ya Marekani ilipokazwa mwaka 2010, majeruhi walipungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika miaka minne iliyofuata. Lakini walipungua tu, hawakwisha. Mpira huo ukijaa vumbi na nywele huteleza, na kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa nta au vigae vyenye maji haushiki. Woka nyingi za bei ndogo hazina mpira wowote, au zina vipande vigumu vya plastiki vilivyofinyangwa vifanane na mpira. Bonyeza kwa ukucha: mpira hubonyea, plastiki hukwaruzika. Kagua pia pale inapokunjwa, maana chuma kikijifunga hubana vidole, na kifuniko cha betri, ambacho lazima kifungwe kwa skrubu. Kikifunguka kwa ukucha, kitafunguka pia kwa jino la mtoto.

Basi pesa ile itumike wapi? Kwa miezi sita ya kwanza, karibu hakuna cha kununua. Mkeka unatosha.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto ambaye bado hajaanza kwenda mwenyewe alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa, na asifungwe mahali pamoja, iwe kitini au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Anza tangu wiki za kwanza, dakika mbili tatu kila mara, juu ya kifua chako mwenyewe. Baadaye mweke mkekani, na khanga iliyokunjwa kama mto mwembamba chini ya kifua, mikono ikitokea mbele. Usifanye mara tu baada ya kunyonya. Atatapika, nawe utadhani anachukia zoezi. Akilia, mgeuze, umrudishe baadaye. Wakati wa kulala usingizi ni chali siku zote. Shingo inayokazwa hapa ndiyo itakayomkalisha, na anayeruka hatua hii kwa kumweka mtoto kwenye viti vya plastiki kuanzia miezi mitatu huja kushangaa mbona mtoto anaanguka kama gunia miezi saba.

Kukaa huanza kwa kujiegemeza na mikono miwili mbele, mgongo umepinda. Bibi zetu walijua la kufanya: beseni pana, khanga zilizoviringishwa kumzunguka kiunoni, vitu vya kushika ubavuni. Sehemu nyingine walichimba shimo dogo mchangani. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha utafiti wake wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako mama huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku. Watoto hao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Katika yale ambayo hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Kinachowahisha mtoto ni mazoezi ya mwili wake mwenyewe mikononi mwa mtu, na hayo hayauzwi dukani. Beseni liwe la dakika kumi hivi, mtu mzima akiwa pale pale.

Kwenye kutambaa wazazi hukwama kwa sababu ndogo sana. Gauni refu hukanyagwa na magoti, mtoto anaanguka na uso. Mvalishe kaptura au mwache na nepi. Vigae huteleza, tandika mkeka, magoti yawe wazi. Kitu anachokitaka kiwekwe sentimita 30 mbele, asikione kipo mbali akakata tamaa. Na asipotambaa kabisa? Katika utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, karibu asilimia 4 ya watoto wazima hawakutambaa kwa mikono na magoti. Walijivuta kwa makalio au walisimama moja kwa moja.

Utafiti huo huo ndio tungependa ubandikwe ukutani badala ya maneno ya majirani. Kukaa bila msaada: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Ni miezi tisa nzima kati ya wa kwanza na wa mwisho, na wote ni wazima. Aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Akianza kujivuta kwenye kochi asimame, mara nyingi hajui kushuka. Atasimama, atachoka, atalia, na usiku ataamka afanye hivyo hivyo kitandani. Usimnyanyue tu, mshike nyonga, mkunje magoti taratibu hadi akae, mara tano sita, kesho tena. Kisha panga viti viwili vikaribiane ili apite kwa ubavu akishikilia, na kila siku chache ongeza nafasi, kutoka sentimita 20 hadi 40. Siku atakapoachia mkono kuvuka pengo ndiyo siku ya dede. Ukimtembeza, usimvute mikono juu ya kichwa, maana hapo ananing'inia. Mikono yake iwe chini ya mabega, au mshike kifuani. Ndani ya nyumba atembee peku. Vidole vinahitaji kuishika sakafu, na kiatu kigumu huvinyima kazi hiyo.

Hapo sasa ndipo kigari cha kusukuma kinapofaa, na hiki tunakipa alama nzuri. Ni kile ambacho mtoto husimama nyuma yake na kukisukuma, hayumo ndani. Uzito ni wake, miguu anaiona, akiachia anakaa chini. Cha mbao hushinda cha plastiki kwa sababu ya uzito. Makosa yake ni mawili: kuwa chepesi, na magurudumu kuteleza mno, hivyo hukimbia mbele na mtoto hufuata kwa pua. Dawa ya la kwanza ni mfuko wa maharage wa kilo mbili au tatu ndani ya sanduku lake, upande wa mbele, mbali na mtoto, kisipinduke anapojivutia mpini. La pili huponywa kwa kukaza nati za magurudumu au kuyafunga mpira wa baiskeli uliokatwa. Mpini uwe kati ya kitovu na kifua cha mtoto. Fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza. Mwambie asage kona zote kwa msasa na asitumie rangi usiyoijua, maana mtoto atautafuna mpini. Usimpe kabla hajaweza kusimama mwenyewe kwa kujivuta. Na kwa asiyetaka kutumia hata senti, stuli ya plastiki iliyopinduliwa juu ya sakafu ya saruji hufanya kazi hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo hayatibiwi na kifaa chochote. Mpeleke kliniki na kadi yake kama miezi minne imetimia na kichwa bado hakijakaza, kama miezi tisa imepita hakai, kama anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, kama miguu ni migumu na inapishana kama mkasi, kama miezi 18 imefika hatembei, au kama aliweza kitu kisha akakipoteza. Hili la mwisho lisisubiri hata wiki.

Aliye na woka tayari asimpe jirani, maana atakuwa amehamisha hatari tu. Ng'oa magurudumu yote. Kama bila magurudumu inasimama imara sakafuni, shusha kiti hadi nyayo nzima zikanyage, na kiwe kiti cha dakika kumi na tano kwa mtoto ambaye tayari anakaa mwenyewe. Kama inayumba, kata kile kitambaa kwa mkasi kabla ya kuitupa, mtu asije akaiokota jalalani akamwekea wake.