TAHADHARI TANGA: Hawa wanaojiita kampuni ya kukusanya madeni msiwape hela wala kitu

Ndugu zangu wa Tanga, hasa Makorora, Ngamiani na Mabawa, kuna vijana wanapita na bajaji wamening'iniza vitambulisho shingoni wanajiita kampuni ya kukusanya madeni, ni matapeli, naomba muwafikishie na mama zetu wasio na simu janja maana ndio wanaolengwa.

Jirani yetu hapa Makorora, mama lishe, alichukua mkopo wa marejesho ya kila wiki na akaumaliza, kadi anayo imegongwa mpaka mstari wa mwisho. Wakaja watatu na karatasi ina jina lake kamili, namba ya NIDA na kiasi alichokopa, wakasema amebakiza laki mbili na sitini, faili limeshahamia kwao, alipe palepale pamoja na elfu themanini ya "ufuatiliaji" la sivyo wanabeba vitu. Hela hakuwa nayo. Wakabeba jiko la gesi, masufuria yake na tivii, majirani wanaangalia tu kwa sababu jamaa wametamka "amri ya mahakama" na watu wakaogopa. Tulivyoenda nae ofisi iliyomkopesha wakasema deni limeisha na hao watu hawawajui. Sasa taarifa zake zilitokaje humo ndani? Mpaka leo hatujajibiwa na hilo ndio linaniuma kuliko hata tivii, maana tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na Tume yake ipo, na huko tunapeleka malalamiko.

Jamani wakusanya madeni wa kweli wapo, benki na wakopeshaji wanawatumia. Wanapewa faili na barua ya kuteuliwa, wanalipwa kamisheni kwa kile walichorudisha, na kazi yao ni kukupigia, kukuandikia, kukaa na wewe mpange utalipaje, basi. Kama uliweka dhamana kwenye mkataba hiyo habari nyingine, ila hata hapo dai notisi ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji mwenyewe. Anayekuja kukamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama, yuko chini ya kanuni za mwaka 2017, na anakuja baada ya kesi kwisha na hukumu kutoka, ana hati yenye mhuri, jina la mahakama na namba ya shauri ambayo unaweza kwenda kuiulizia mahakamani. Na huyo huyo sheria inamkataza kugusa nguo zako, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, vifaa vya kazi vya fundi. Hawa wa bajaji walianza na masufuria!

Wakikutishia polisi usitetemeke, deni ni shauri la madai, hakuna askari wa kukuweka ndani kwa sababu tu umechelewesha rejesho. Mwambie mlangoni, mwanangu subiri nimuite mwenyekiti wa mtaa tusome karatasi pamoja, uone watakavyowasha bajaji. Na hela usitume kabisa kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama kweli unadaiwa, lipa kwenye akaunti au namba ya kulipia ya aliyekukopesha na risiti uitunze, hata ukimaliza.

Wale wa mikopo ya kwenye simu nao ndio walewale, wanaingia kwenye majina uliyohifadhi kwenye simu yako wanamtumia meseji mkwe wako kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, kwa hiyo kabla hujabonyeza kubali angalia kwanza kama yupo kwenye wenye leseni ya BoT, maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Meseji za vitisho na utapeli tuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na mkopeshaji mwenye leseni akikusumbua mlalamikie kwa maandishi kwanza, asipokujibu nenda dawati la malalamiko la BoT.

Kwa yule mama RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, imeshachukuliwa. Juzi kuna mtu kasema kaona bajaji inayofanana maeneo ya Pongwe, kwa hiyo wa huko mkiwaona pigeni picha pleti namba mpeleke polisi au kwa mtendaji wenu, msiwapige, tunawahitaji waseme vitu wamepeleka wapi na nani kawapa yale majina.