Nikwax kwenye hema langu la mlimani: miezi minane ya kulitumia

Naongoza wageni Kilimanjaro, na hema ninalolalia ni langu mwenyewe, la watu wawili. Novemba mwaka jana, mvua za vuli zilinikuta kambi ya Machame na hema likavuja usiku kucha. Halikuwa na tundu. Kitambaa cha nje kilikuwa kinanyonya maji, kikalegea, kikagusana na cha ndani, na kufika alfajiri begi la kulalia lilikuwa chapachapa upande wa miguu.

Shemeji yangu anayeishi Uingereza aliponiuliza aniletee nini, nilimwagiza bidhaa za kampuni ya Nikwax: Tech Wash ya kuoshea, na Tent & Gear SolarProof, dawa ya kupuliza ya kurudishia kitambaa uwezo wa kukataa maji na kukikinga na jua. Nimeanza kuzitumia Januari, na tangu hapo hema limepanda mlima mara tisa.

Niseme kwanza kwamba kosa lilikuwa langu. Miaka mitatu nililifua kwa sabuni ya unga na brashi, kama jinzi. Sabuni ile haiishi yote kwenye kitambaa hata ukisuuza, na mabaki yake ndiyo yanayovuta maji. Brashi nayo inakwangua utando wa kuzuia mvua. Na mashine ya kufulia ndiyo usiisogelee kabisa.

Safari hii nililisimamisha uani, nikachukua beseni la maji ya vuguvugu, sifongo na Tech Wash kidogo. Vumbi la kambi ya Barafu ni laini kama unga na linaingia hadi kwenye nyuzi za mishono. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria ya kuni, na nilibadilisha beseni mara nne kabla hayajatakata. Zipu nilizisugua kwa mswaki wa zamani, maana mchanga ndio unaokula meno yake.

Kitambaa kikiwa bado kibichi nikapuliza SolarProof, nikasubiri kama dakika mbili, kisha nikafuta iliyozidi kwa kitambaa chenye unyevu. Usiruke hatua hiyo, la sivyo inakauka na kuacha madoa meupe. Chupa ya nusu lita ilitosha kifuniko chote cha nje na ikabaki.

Kesho yake nililimwagia hema kikombe cha maji. Yalijikusanya matone, yakaviringika hadi chini kama umande kwenye jani la gimbi. Nilimwita mke wangu aje aone. Machi mvua ilitupiga kambi ya Shira tangu saa kumi jioni, na nililala mkavu.

Ila dawa hii haiponyi kila kitu. Kama utando wa ndani umeanza kunata au kubanduka vipande, hapo ni suala jingine, na kupuliza juu hakutasaidia. Mishono iliyoachia niliipaka gundi ya Seam Grip nikaiacha ikauke usiku mzima. Hapo angalia kwanza hema lako limepakwa nini: kitambaa cha silikoni kina gundi yake, ile ya kawaida haishiki.

Jambo linaloua mahema yetu kuliko jua ni siku ya kushuka. Asubuhi ya mwisho hema linakunjwa na umande wake, linatupwa kwenye gari pale lango la Mweka tunakoshukia, linafika Moshi na kusukumwa stoo mpaka safari ijayo. Ukifungua mfuko unakutana na uvundo mkali na madoa meusi ya ukungu. Unyevu ule ndio unaovunja utando taratibu. Mimi sasa, hata nikifika nimechoka vipi, nalitandaza kivulini siku hiyohiyo, na silifungi mpaka nishike pindo la sakafu kwa mkono na kuhakikisha limekauka.

Iliyobaki kwenye chupa niliipuliza kwenye hema la wapagazi tunaopanda nao. Nilikowahi kufanya kazi, mahema ya wageni yalikuwa yanaoshwa kila safari, ya wagumu, yaani wapagazi, hayaguswi hadi yachanike, wakati wao ndio wanaoamka na nguo mbichi na kubeba mizigo. Shemeji anarudi Desemba. Nimeshamwagiza chupa nne, na mbili ni zao.