Mashine ya benki inasikia punda, mie hainisikii

Sijui nani aliwaambia wenye benki kuwa watu wamechoka kubonyeza vitufe. Mie sikuchoka. Zamani ukipiga huduma kwa wateja unabonyeza moja kwa salio, mbili kwa kadi, na ukivumilia unapata binadamu. Siku hizi inatoka sauti ya kike, laini kama halua: "Sema kwa maneno yako unachohitaji." Hapo ndipo balaa huanza.

Kadi yangu ilimezwa na ATM Ijumaa alasiri, tawi limeshafungwa. Na Lamu si Nairobi, useme utavuka barabara uingie tawi jingine. Nilichotaka ni kadi ifungwe tu, basi. Nikapiga nikiwa karibu na gati, mashua za Mokowe zanguruma. "Kadi yangu imemezwa."

"Umechagua mikopo. Je, ni sawa?"

Hapana.

"Samahani, sijakuelewa."

Nikaingia kichochoroni kutafuta utulivu, na huko nako wapita punda wa mchanga. Mmoja akalia. Wallahi sitii chumvi, mashine ikasema "Asante" ikanipeleka kwenye mkopo wa dharura. Punda kaeleweka, mie bado. Na salio la simu laliwa.

Kwenye namba ya akaunti ndiko nilikovunjika moyo. Yangu imejaa moja na tisa, na mie tangu kuzaliwa nasema moya na kenda. Mashine ikawa yaruka tarakimu. Nikabana ulimi nikasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Sasa ikawa yachanganya sita na tisa. Mpwa wangu anayesomea mambo ya mitambo anasema laini ya kawaida ya simu hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na sehemu kubwa ya ule mvumo wa "s" iko juu ya hapo, hukatwa. Haya, nimeelewa. Kwa nini basi waliondoa vitufe? Kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, na milio hiyo haijali umezaliwa Pate au Machakos. Maabara ya Bell Labs kule Marekani walikuwa na mashine ya kutambua tarakimu mwaka 1952, ingawa ilitaka msemaji iliyemzoea. Hii yetu haitaki kumzoea mtu.

Mwishowe, baada ya muziki mrefu, nikapata binti. Nikashusha pumzi, nikamweleza. Akanikata: "Madam, ongea Kiswahili kizuri nikuelewe."

Kiswahili kizuri! Mie, wa mtaa wa Langoni, Lamu! Kwa sababu wakubwa walikutana Mombasa mwaka 1928 wakachagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe sanifu, basi sisi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, leo ni wa kusahihishwa na mtu anayesema "hiyo kadi yako ilikuwa inakwama wapi"? Mashine nayo ni mwanafunzi wa huyohuyo. Hujua sauti ilizolishwa tu, na nina hakika hakuna aliyekuja hapa na kinasa sauti. Nilinyamaza kwa adabu tu. Akasema, "Tayari madam, tumeifunga." Nikashukuru.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba huduma hii ifutwe kabisa. Lakini kuna ami yangu, mato yake yameingia ukungu, hasomi ujumbe tena. Zamani akitaka kujua salio humpa mjukuu simu na namba ya siri, na mjukuu akijua salio mtaa mzima umejua. Sasa hukaa barazani, hupiga, husema neno moja tu, "salio", na mashine humnong'oneza sikioni. Neno moja, chumba kimya, hapo haikosei. Alivyofurahi siku ya kwanza, alinipigia mie kuniambia mashine ina heshima kuliko wanawe. Kwa hivyo nikasema sawa, nyota mbili. Warudishe vitufe kwa namba, waache sauti kwa wanaoihitaji, nami nitaongeza ya tatu.

Hayo niliyaandika Jumapili. Jumatatu nikaenda tawini, kijana wa kaunta akafungua ATM akanipa kadi yangu mkononi. Nikamwambia haina kazi tena, ilishafungwa Ijumaa. Akatazama kompyuta yake. Haikufungwa. Ilikuwa wazi siku zote hizo.

Nyota moja. Na hiyo ni ya ami.