Kuondolewa kiyoyozi na hita katika gari la mashindano: tathmini ya kazi ya gereji

Kazi ya kuondoa kiyoyozi naisifu bila kusita, kwani gesi yake ya kupoza, R134a, ilivutwa kwa mashine hadi kwenye mtungi badala ya kuachwa ipotee hewani, kompresa inayoisukuma gesi hiyo na kondensa inayoipoza zikatolewa, kisha ukafungwa mkanda mfupi zaidi usiopita ilipokuwa kompresa. Wepesi wa upande wa mbele unahisika waziwazi kwenye kona. Hita, hata hivyo, ningeiacha mahali pake. Asubuhi ya kwanza ya mvua kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa kukosa hewa yake ya moto, ikanibidi nisimame nikifute kwa kitambaa. Tena mipira ya maji iliyokuwa ikienda kwenye hita, ambayo sasa imeunganishwa pamoja, ilivuja kwa sababu kibano kimoja hakikukazwa. Fundi alikikaza siku hiyohiyo, bila malipo.