Modemu ya ndani ya 56K isiyojitaja jina: uzoefu wangu

Kadi hii ya modemu, inayochomekwa kwenye nafasi ya PCI ndani ya kompyuta, niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ili kompyuta ya zamani ninayoitunza iweze kutuma faksi na kupigiana data na kompyuta nyingine kwa laini ya simu. Kasha lake limeandikwa 56K, V.90, data, faksi na sauti, na hakuna zaidi. Maelezo hayo hayamsaidii mnunuzi, kwa kuwa tangu kiwango cha V.90 cha modemu za 56K (hadi biti 56,000 kwa sekunde) kilipopitishwa mwaka 1998 na kumaliza ushindani wa mbinu mbili, X2 ya kampuni ya USRobotics na K56flex ya kampuni za Rockwell na Lucent, karibu kila kadi ya bei nafuu imebeba maneno hayo hayo, ilhali ndani yake chipu ni tofauti kabisa.

Chipu ndiyo inayoamua kiendeshi kipi (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) kitakubali, na ni mzigo kiasi gani utakaoangukia kichakataji cha kompyuta. Sahani ya programu iliyofungwa pamoja na kadi ilikuwa na viendeshi vya chipu nyingine, na Windows 98 ilivikataa vyote. Juu ya chipu kubwa kulikuwa na kibandiko cha muuzaji ambacho sikuthubutu kukibandua. Nikaigeukia namba ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) iliyochapwa kwenye kadi, nikapoteza jioni nzima, kwa sababu namba hiyo humtambulisha aliyeisajili kadi, na huyo mara nyingi siye aliyetengeneza chipu.

Kilichonitoa gizani ni namba ya utambulisho ya PCI, ambayo kadi huitoa hata kabla ya kupata kiendeshi. Niliiwasha kompyuta kwa Linux, nikaandika amri ya lspci -n, inayoorodhesha namba hizo, na sehemu ya kwanza ya namba ya kadi, ile ya mtengenezaji wa chipu, ikawa 11C1, yaani Lucent. Ingekuwa 127A ningejua ni Rockwell; 14F1 ni Conexant, jina ambalo kitengo cha chipu cha Rockwell kilichukua kilipojitenga mwaka 1999; na 134D ni PCTel. Baada ya hapo kupata kiendeshi sahihi kulichukua dakika chache tu.

Wapo watakaoshauri kufungua programu ya terminali, ambamo amri huandikwa moja kwa moja kwa modemu, na kuandika ATI3, ili modemu ijitaje yenyewe. Kwa modemu ya nje yenye kidhibiti chake (sehemu inayopokea na kutekeleza amri) ushauri huo ni mzuri, maana amri za AT, yaani zinazotanguliwa na herufi hizo, zilizoanza na Smartmodem ya Hayes mwaka 1981 hujibiwa na kifaa chenyewe. Kadi yangu ni ya jamii ya Winmodem: ina kichakata mawimbi chake (chipu inayofanya hesabu za mawimbi ya laini ya simu), lakini kazi ya kidhibiti imeachiwa kompyuta, kwa hiyo anayejibu ATI3 ni kiendeshi. Bila kiendeshi hakuna jibu, na kiendeshi ndicho nilichokuwa nikikitafuta! Nilipokisakinisha, jibu lilikuja likiwa na herufi LT na namba ya toleo, likithibitisha nilichokwisha kukijua.

Kikazi, sina malalamiko. Faksi zinakwenda bila kukatika, na kichakataji hakielemewi, jambo ambalo nisingelitarajia kwa kadi za HSP za PCTel, ambazo huiachia kompyuta hata hesabu za mawimbi. Anayefikiria kadi ya Conexant aangalie pia kama ni HCF au HSF, kwani herufi moja hiyo ndiyo inayotenganisha kadi yenye kichakata mawimbi na ile isiyokuwa nacho. Kwa upande wa Linux, kiendeshi cha ltmodem kinafanya kazi, ila sehemu yake ilitolewa bila msimbo chanzo na ni vigumu kikubaliane na matoleo mapya ya kerneli (kiini cha Linux), hivyo nimelazimika kubaki na toleo la zamani.

Kasi nayo isimchanganye mtu. Kati ya kompyuta zangu mbili haijavuka biti 33,600 kwa sekunde, na hilo si kosa la kadi: V.90 huhitaji upande mmoja uwe umeunganishwa na mtandao wa simu kidijitali, na modemu mbili za kawaida zikipigiana hurudi kwenye V.34, kiwango cha awali ambacho kikomo chake ni hizo biti 33,600.

Kadi naipa nyota nne, kasha na sahani yake nyota moja. Nimebandika karatasi ndogo kwenye kibati cha kadi, nimeandika: Lucent, 11C1, na toleo la kiendeshi.